Makarani tisa na kibandiko cha 915: uchambuzi wa kisa kimoja cha vihisi vya maziwa, Tanga

Kibandiko kilikuwa chini ya kifaa, kidogo kama kucha ya kidole gumba, nusu yake imefunikwa na vumbi jekundu lililochanganyika na maziwa yaliyokauka. Nikakifuta kwa kitambaa cha miwani. Jina la modeli, namba ndefu iliyotanguliwa na herufi FCC ID, yaani ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kisha mstari wa mwisho: 902–928 MHz. Nilikuwa nimechuchumaa pembeni ya tenki la kupozea maziwa nje kidogo ya mji wa Muheza, kompresa inanguruma mgongoni, na katibu wa ushirika amesimama juu yangu ameshika ngazi. Ngazi hiyo ilikuwa ya kupandishia antena kubwa zaidi, maana ndiyo kazi niliyoitiwa kutoka Tanga mjini. Nikamwambia aiweke chini kwanza.

Ushirika wenyewe sitautaja. Una vituo saba vya kukusanyia maziwa, vingine tambarare kati ya mashamba ya mkonge na michungwa, vingine kwenye miinuko ya kupanda kuelekea Amani. Vituo viwili vina matenki mawili mawili, kwa hiyo matenki ni tisa. Wafugaji wanaleta maziwa asubuhi na jioni, wengi kwa bodaboda zenye madumu ya aluminiamu ubavuni. Maziwa yakishapita kwenye laktomita na kipimo cha alkoholi yanamwagwa tenkini, na kuanzia hapo kila kitu kinategemea nyuzi 4. Tenki likishuka hadi hapo na kutulia, gari la kiwanda likija linabeba. Likipanda na kukaa juu kwa saa kadhaa, bakteria hawasubiri kikao cha bodi.

Masika moja umeme ulikatika saa nne usiku, mlinzi wa kituo kimoja hakuwasha jenereta, na alfajiri maziwa yakaganda kwenye kijibomba cha kipimo mbele ya macho ya mwenyekiti. Hasara ile ndiyo iliyozaa wazo la vihisi. Mtoto wa mwanachama mmoja anafanya kazi Marekani. Alisikia habari kwa simu, akajitolea. Alipokuja likizo alikuja na begi lenye vihisi tisa vya joto na kituo kimoja cha kupokelea, kile ambacho sisi mafundi tunakiita geitiwei. Teknolojia yake ni LoRa, iliyobuniwa na kampuni ndogo ya Ufaransa, Cycleo ya Grenoble, ambayo Semtech ya Marekani iliinunua mwaka 2012. Kifaa cha LoRa kinatuma baiti chache tu, polepole, kwa sauti inayoteleza kutoka chini kwenda juu kama mbinja, na kipokezi kinachoijua mbinja hiyo kinaisikia hata ikiwa imezama chini ya kelele. Ndiyo maana kihisi chenye betri ya kukaa miaka kinaweza kusikika kilomita 10 juu ya mkonge.

Nia ilikuwa njema kabisa. Visa vya namna hii nilivyokutana navyo karibu vyote vinaanzia kwenye begi la mtu mwenye nia njema.

Katibu alivifunga mwenyewe kwa kufuata video. Mlinzi alipoambiwa "hizi ni sensa" akauliza kama sensa haikupita mwaka 2022, na tangu siku hiyo vikaitwa makarani. Makarani wanne walikuwa wanaripoti vizuri. Wanne walikuwa wanakuja na kupotea, na mhasibu akawabandika jina la "waja leo waondoka leo", msemo ambao Tanga hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Mmoja hakuwahi kuripoti hata mara moja.

Saa ambazo taarifa hupotea

Nilianza na daftari kabla ya kugusa nyaya. Kila kihisi kinahesabu ujumbe wake, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Namba zikiruka, unajua kuna ujumbe uliofia njiani. Nikatoa kumbukumbu za siku kumi kutoka kwenye geitiwei nikazigawa kwa saa. Usiku wa manane, kati ya jumbe kumi zilifika tisa. Kuanzia saa moja hadi saa mbili na nusu asubuhi haikufika hata nusu. Jioni, saa kumi hadi saa kumi na mbili, hali ileile.

Katibu alidhani ni ukungu wa Usambara. Ukungu hausumbui mawimbi ya megahezi 900 kiasi cha mtu kuona. Kinachofika kituoni saa moja asubuhi ni bodaboda, thelathini au arobaini kwa mpigo, na wengi wana simu mbili: ile kubwa ya picha, na kiswaswadu, ambacho ndicho chenye chaji na ndicho chenye laini ya pesa. Wanasubiri zamu yao chini ya bati lilelile ambalo antena ya geitiwei imefungwa juu yake. Wanapiga, wanaangalia salio, wanatuma.

Hapa inabidi tuifungue ramani ya masafa kidogo. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, umeigawa dunia katika kanda tatu. Afrika na Ulaya zimo Kanda ya 1, mabara ya Amerika yako Kanda ya 2. Kipande cha megahezi 902 hadi 928 kimeachwa kwa matumizi ya viwanda, sayansi na tiba katika Kanda ya 2, na Wamarekani wakajenga humo vifaa vyao vingi visivyohitaji leseni. Kwetu sehemu hiyo ina wenyewe. GSM ya 900, mfumo wa simu za mkononi, ilipopangwa, simu ilipewa 890 hadi 915 kuongea na mnara, na mnara ukapewa 935 hadi 960 kujibu. Baadaye vipande vyote viwili viliongezwa kwa chini, kimoja kikaanzia 880 na kingine 925.

Sasa waweke makarani juu ya ramani hiyo. Mpango wa Marekani wa LoRaWAN, yaani taratibu za mtandao wa vifaa vya LoRa, unampa kihisi njia 64 za kusemea zenye upana wa kilohezi 125, ya kwanza ikiwa 902.3 na ya mwisho 914.9. Njia zote 64, bila kubaki hata moja, zimo ndani ya kipande ambacho huku kwetu simu zinaongelea na mnara. Kiswaswadu cha GSM kinaweza kurusha hadi wati 2. Karani anarusha miliwati 100 akiwa kilomita sita, na kiswaswadu kiko mita tano chini ya antena. Tena kichujio kilichomo ndani ya geitiwei, ambacho kazi yake ni kuzuia vya nje, kimetengenezwa kupitisha 902 hadi 928, kwa hiyo simu inakaribishwa ndani kama mwenyeji. LoRa inasikia mbinja chini ya kelele, sawa, lakini si mtu akipiga ngoma ndani ya sikio.

Na antena kubwa niliyoitiwa kufunga? Ingekusanya simu nyingi zaidi.

Karani wa tisa alikuwa na msiba wake. Kituo chake kiko kwenye mteremko, kama mita mia mbili kutoka mnara wa simu. Kihisi cha LoRaWAN kabla hakijaanza kazi kinatuma ombi la kujiunga, halafu kinatega sikio kwa sekunde chache kusubiri jibu. Majibu katika mpango wa Marekani yana njia nane, kuanzia 923.3 hadi 927.5, na tano kati ya hizo ziko juu ya 925. Nilichomeka redio ndogo ya USB kwenye kompyuta mpakato nikiwa nimeegemea ukuta wa kituo. Chini ya 925 skrini ilikuwa tambarare kama ufuko wakati wa maji kupwa. Kupita hapo kidogo, ukuta. Mnara ulikuwa unaongea na wilaya nzima, na karani amekaa miguuni pake akijaribu kusikia mnong'ono kutoka ng'ambo ya bonde. Alikuwa ameomba kujiunga usiku na mchana kwa wiki kadhaa, kila mara kwa nguvu zote, mpaka betri iliyotakiwa kukaa miaka ikabaki na robo.

Mnara ulisikia nini

Hadi hapo katibu alikuwa ananisikiliza kama mteja anayesikiliza fundi akieleza ubovu wa gari. Uso ulibadilika nilipogeuza hesabu.

Kutoka kituo kingine cha mlimani hadi mnara wa karibu nao ni kilomita tatu, na unauona kwa macho. Mawimbi ya 905 yakisafiri kilomita tatu hewani bila kizuizi hupungua kwa desibeli 101. Karani anarusha dBm 20, ambazo ndizo zile miliwati 100 zikiandikwa kwa kipimo cha mafundi wa redio. Kwa hiyo, bila hata kuhesabu msaada wa antena ya mnara, anafika pale akiwa na dBm −81. Kiwango cha GSM 900 kinadai mnara uweze kuisikia simu dhaifu ya dBm −104. Tofauti ni desibeli 23, yaani karani wetu anafika akiwa na nguvu mara 200 kuliko yule mama aliye nyuma ya kilima anayejaribu kumpigia muuguzi. Kweli, karani anasema kwa muda mfupi na anarukaruka kwenye njia 64, kwa hiyo hakai juu ya mtu mmoja. Lakini wapo tisa, na kila mmoja aliwekwa kutuma kila dakika.

Sikuwa na njia ya kupima kama kuna simu iliyokatika kwa ajili yao, na sidai kwamba ipo. Ninachodai ni hiki: tatizo waliloniitia la taarifa kupotea, na tatizo ambalo hawakujua kuwa wanalo mbele ya sheria, yalikuwa tatizo moja. Watu wanaichukulia idhini ya masafa kama muhuri tu, karatasi ya kumridhisha ofisa. Jedwali la masafa ni maelezo ya nani anasemea wapi hewani. Ukikaa kwenye kiti cha mtu, yeye hatakusikia vizuri, na wewe hutamsikia mwenzako.

"Lakini kaka, si zimekaguliwa Marekani?" katibu akauliza, akionyesha namba ya FCC. Zimekaguliwa, na huenda zimefaulu vizuri sana. Zilikaguliwa kwa sheria za kule, ambazo zinaruhusu kurusha hadi wati moja kwenye 902–928 kwa kurukaruka kati ya njia, bila kukaa hewani zaidi ya milisekunde 400 kwa mara moja. Leseni ya udereva ya nchi ya kushoto haikugeuzii barabara ya nchi ya kulia.

Kwetu msimamizi ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Vifaa vya mawasiliano vinasimamiwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta, EPOCA, ya mwaka 2010, pamoja na kanuni zake. Nimeona watu wakichanganya maswali matatu, na mkanganyiko huo ndio unaowaponza. Moja, je, kipande hiki cha masafa kinaruhusiwa kwa vifaa vidogo vya namna hii hapa nchini? Pili, je, modeli hii hasa imeidhinishwa, ile ambayo mawakala wa forodha wanaiita taipu apruvali? Tatu, je, mimi mtumiaji nahitaji leseni yangu mwenyewe? Vifaa vya nguvu ndogo kwa kawaida husamehewa swali la tatu kwa masharti ya kuwa na adabu: usimsumbue mwenye masafa, na ukisumbuliwa usilalamike. Kusamehewa la tatu hakukusamehe la pili. Makarani walikuwa wamefeli la kwanza, kwa hiyo la pili halikuwa hata na haja ya kuulizwa.

Kikao cha chini ya mwembe

Bodi ilikaa siku hiyohiyo. Nilimwamkia mwenyekiti, mama wa makamo anayejua bei ya pumba kila soko kuanzia Korogwe hadi Mkinga, nikaeleza kwa ufupi. Alinyamaza kidogo.

"Mwanangu, tukivizima leo, usiku huu nani ataniambia tenki limepanda?"

"Mlinzi, mama, na kipimajoto cha ukutani. Kama zamani."

"Zamani ndiyo iliyotumwagia maziwa."

Hakuwa na makosa. Na hapa ndipo lilipokuja pendekezo ambalo nalisikia kila mahali, na lina mvuto kwa kuwa kitaalamu linawezekana: vibadilishwe programu ya ndani vihamie megahezi 868, kipande cha mpango wa Ulaya. Katibu alishasoma kwamba chipu iliyomo, SX1276, inaweza kufanya kazi kuanzia megahezi 137 hadi 1020. Ni kweli. Chipu inaweza. Lakini baina ya chipu na hewa kuna vijisaketi vya kulinganisha, vichujio na antena, na vyote hivyo vimekatwa kwa ajili ya 915 kama suruali inavyokatwa kwa mtu mmoja. Ukiisukuma 868 kupitia humo, sehemu ya nguvu inarudi ndani, umbali unapungua, na uchafu unaotoka pembeni mwa wimbi haujapimwa na mtu yeyote. Hicho cha mwisho ndicho kilichonifanya nikatae. Ripoti ya maabara inahusu kifaa kama kilivyopimwa, na programu yake na antena yake. Ukikibadilisha, umetengeneza kifaa kipya kisicho na baba.

Mtego wa aina hiyohiyo uko kwa wanaounda vifaa wenyewe, na Tanga tunao vijana hodari wa kazi hiyo: kununua moduli ya redio yenye cheti, kuifunga kwenye boksi pamoja na betri na antena ya kuokoteza, na kudhani cheti cha moduli kimeshuka chote juu ya boksi. Cheti cha injini hakikufanyi uwe na gari.

Mwenyekiti aliamua vizimwe. Tulitoa betri zote tisa kabla ya jua kuzama, na walinzi wakaandaliwa daftari la kusoma kipimajoto kila saa. Nilimheshimu kwa hilo; wengi huniambia "tusubiri kidogo mpaka vipya vifike".

Karatasi, herufi kwa herufi

Muuzaji wa kwanza tuliyempata Dar es Salaam alikuwa na vihisi vya 868 na bei nzuri. Tukaomba nakala ya cheti cha idhini. Akatuma kwa WhatsApp baada ya dakika mbili, na mhasibu akafurahi. Mimi nikaomba pia picha ya kibandiko. Modeli kwenye cheti na modeli kwenye kibandiko zilifanana herufi zote isipokuwa mbili za mwisho. Watengenezaji wengi wa vifaa hivi wanauza boksi moja kwa masafa matano tofauti, na kinachotofautisha ni kiambishi kidogo mwishoni mwa jina. Cheti kilikuwa cha ndugu yake. Nilipomuuliza, muuzaji alisema "ni kitu kilekile", na hapo tukaagana.

Wa pili alileta vyote: cheti kinacholingana, ripoti za maabara za EN 300 220, ambacho ndicho kiwango cha Ulaya cha redio za umbali mfupi chini ya gigahezi 1, na EN 301 489 ya usumbufu wa sumakuumeme. Angalia mpangilio wake: ripoti hizo ni ushahidi unaoambatanishwa kwenye maombi, haziwi idhini zenyewe. Na alama ya CE iliyochapwa kwenye boksi ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwa ajili ya soko la Ulaya. Inasaidia, lakini pale Mawasiliano Towers, kwa TCRA, wanataka kuona yao.

Ushuru na forodha vilikwenda bila kisa, kwa kuwa karatasi zilitangulia mzigo. Sina la kuongeza hapo.

Hesabu mbili zilizobaki

Ningependa kusema kwamba tulifunga vipya na kazi ikaisha. Katibu, ambaye hachoki, alipanda ngazi yake hatimaye, akafunga antena ya desibeli 8 juu ya paa na kuiacha geitiwei irushe dBm 20 kama ilivyotoka kiwandani. Kila kifaa kina cheti, kipande ni sahihi, na bado tulikuwa nje ya mstari.

Kikomo cha kawaida cha kipande cha 868.0 hadi 868.6 ni miliwati 25, na kinahesabiwa baada ya antena. Hapa wengi wanajikwaa, kwa sababu antena haina waya wa umeme, haina betri, na mtu anaona ni kama paa: kubwa ni bora. Antena haiongezi nguvu, inaibana ielekee upande mmoja, na sheria inapima upande huo. Piga hesabu yetu. Chipu dBm 20, kebo inakula 1, antena inaongeza 8, jumla 27. Ukiigeuza kwenye kipimo kinachotumiwa na kikomo chenyewe, kinacholinganisha na antena rahisi ya dipoli, unatoa 2.15, unabaki na 24.85, yaani zaidi ya miliwati 300. Mara 12 ya ruhusa. Tulishusha chipu hadi 9. Katibu aliona kama nimempiga kofi, mpaka alipogundua kwamba kusikia hakukupungua hata chembe. Antena ile kubwa bado inakusanya sauti za vihisi kama mwanzo. Kilichoshuka ni sauti ya geitiwei tu, na geitiwei ya maziwa haina mengi ya kusema.

La pili ni muda wa kukaa hewani. Kipande hicho kina sharti la asilimia 1: katika saa moja, kila kifaa kiseme sekunde 36 tu kwa jumla. Kihisi kilicho karibu, kinachotumia kasi ya SF7, kinamaliza ujumbe wetu wa baiti 20 kwa milisekunde 72. Cha mbali, kule juu, kinalazimika kutumia SF12, ambapo mbinja inavutwa ndefu ili isikike, na ujumbe uleule unachukua sekunde 1.81. Mara 25. Sasa mpangilio wa katibu wa kutuma kila dakika unampa karani wa bondeni sekunde 4 na kidogo kwa saa, hana tatizo. Karani wa mlimani anafika sekunde 108, yaani asilimia 3. Mpangilio mmoja, na mmoja yumo ndani ya sheria, mwenzake yuko nje.

Nikamuuliza katibu kwa nini kila dakika. Akajibu kwa ukweli: alipenda kuona mstari kwenye skrini ukitembea. Tenki lenye lita elfu moja za maziwa halibadiliki joto kwa dakika moja hata ukilizima. Tukaweka kila dakika 15, na ujumbe wa dharura palepale likivuka nyuzi 7. Karani wa SF12 sasa anatumia sekunde 7 na robo kwa saa, na betri yake itamshukuru.

Kuna jambo moja dogo nililisahihisha kimyakimya. Mpango wa LoRaWAN wa Ulaya unatumia pia 869.525 kwa majibu ya geitiwei, kwa kuwa Ulaya wametenga pale kipande cha nguvu kubwa zaidi, miliwati 500. Watu wanaagiza "mpango wa Ulaya" wakidhani unakuja mzimamzima. Mimi nilibaki kwenye njia tatu za msingi, 868.1, 868.3 na 868.5, na majibu nikayahamishia humohumo. Kwamba kitu kipo Ulaya si hoja ya kwamba kipo kwenye jedwali letu.

Wiki ya tatu akaja jirani mwenye visima vya kuuza maji. Ameona antena, ana mita zake, anataka ziunganishwe kwenye geitiwei ya ushirika alipe kidogo kwa mwezi. Mwenyekiti macho yakang'aa. Nikawaomba wasubiri. Kifaa chako kuhudumia matenki yako ni jambo moja. Kuuza huduma ya mtandao kwa mwingine kunakuingiza kwenye leseni za watoa huduma, na hiyo ni meza nyingine kabisa. Vilevile nilipoulizwa kama wanaweza kuongeza lita za kila mfugaji na jina lake kwenye mfumo, niliwakumbusha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Joto la tenki halina jina. Lita za mtu zina jina.

Nilirudi Muheza miezi miwili baadaye kwa shughuli nyingine nikapitia kituoni saa moja asubuhi, makusudi kabisa, bodaboda zikiwa zimejaa uani na kila mtu ana simu sikioni. Mhasibu akanifungulia kompyuta. Makarani wote tisa walikuwepo, pamoja na yule wa miguuni pa mnara, nyuzi 3.8. Kichujio cha geitiwei mpya kinaishia 870, na simu za GSM ya 900 zinaanzia 880.

Makarani wa zamani wako kabatini ofisini, ndani ya katoni ya sabuni, betri zimetolewa. Hawaruhusiwi kutupwa jalalani, maana kanuni zinazosimamia viwango vya vifaa hivi ndizo zinazosimamia na taka zake. Juu ya katoni katibu ameandika kwa kalamu nene WASIWASHWE, na chini yake jina la yule kijana wa Marekani, ambaye anatarajiwa likizo ijayo na begi lenye nafasi.